Nyumba ya Mtu Mkuu na Nyumba Yako

Wako walimu wenzangu wasemao kuwa mwanafunzi aliyekwisha kuiona nyumba ya kiongozi mkuu amekwisha kuisoma nusu ya historia ya nchi yake. Kila mwaka hukusanya nauli, hukodi basi, na kuwapeleka vijana safari ya mbali kwenda kutazama kiti alichokalia fulani na mavazi aliyoyavaa. Vijana hurudi wamechoka, wamepiga picha nyingi, na mwalimu huandika katika daftari la shule kuwa safari ilifana. Mimi pia nimefanya hivyo, wala sijitoi katika lawama. Lakini leo nataka kubishana na wenzangu hao, msomaji wangu, na kubishana na wewe pia ikiwa umo miongoni mwa wanaolisubiri basi hilo kwa hamu. Nasema kuwa safari ya namna hiyo, kama tuifanyavyo sasa, haikufundishi historia. Hukufundisha kuidharau nyumba yako.

Kabla hujanikasirikia, ngoja nikueleze nisemapo haya nimesimama wapi. Nilipotoka katika chuo cha ualimu nilipelekwa kufundisha Kiswahili na historia katika shule moja ya sekondari ya Nairobi, na wengi wa wanafunzi wangu hutoka Kisumu Ndogo. Usidhani ni mji ulio kando ya ziwa. Kisumu Ndogo ni kijiji kimoja katika vijiji vya Kibera, na jina hilohilo utalikuta tena Kawangware. Ni jina la watu waliotoka pande za Nyanza kuja jijini kutafuta kazi; walipokaa pamoja, jina la mji wao likakaa nao. Reli iendayo magharibi, ambayo kichwa chake kilifika ziwani Kisumu mwezi wa Desemba 1901, hupita ndani ya Kibera, na watoto huvuka mataruma yake wakienda shuleni. Nyumba za huku ni za udongo na mabati. Familia hukaa katika chumba kimoja cha futi 10 kwa 10, pazia likitenga kitanda na jiko. Maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20. Alfajiri baba hushika njia kwa miguu kwenda Viwandani kutafuta kibarua, na mama huenda kufua nguo za watu katika nyumba za Kilimani na Lang'ata.

Ukimwuliza mkazi wa Kisumu Ndogo kwao ni wapi, hatakutajia Kibera hata kama alizaliwa hapo, na mama yake alizaliwa hapo. Atakutajia Bondo, au Gem, au Ugenya, au Nyakach. Katika Kiluo, ot ni nyumba, na dala ni boma: mahali penye lango, penye nyumba ya mke mkubwa ikilielekea lango hilo, penye vibanda vya wana wa kiume karibu na mlango, na penye makaburi ya wazee. Chumba cha Nairobi ni ot tu, tena ya kupanga. Mtu hukaa ndani yake miaka 40, na siku afapo majirani huchangishana ili maiti yake isafirishwe kwenda kuzikwa dala.

Sina ugomvi na desturi hiyo. Ni desturi ya heshima, nayo imewashika watu pamoja katika jiji lisilowajali. Ugomvi wangu ni juu ya jambo linalozaliwa pembeni mwake bila kukusudiwa. Mtoto husikia tangu udogoni kwamba pale alipo si mahali. Kwamba mambo ya maana, ya mababu na ya mashujaa, yako kwingine, mwisho wa safari ya basi. Basi huona haya. Mwanafunzi wangu akiandika barua ya kuomba kazi wakati wa likizo husema kuwa anakaa Lang'ata. Mwingine husema, "karibu na Barabara ya Ngong." Nimewaona watu wazima wenye mvi wakiteremka kituo kimoja mbele, kisha wakarudi kwa njia ya nyuma, ili wenzao wa kazini wasijue waingiako.

Katika mwaka wangu wa pili kazini niliongoza safari ya kwenda Kang'o ka Jaramogi, kule Nyamira karibu na Bondo, katika Kaunti ya Siaya. Ni mwendo wa kilomita zipatazo 400 kutoka Nairobi. Hapo ndipo lilipo boma la Jaramogi Oginga Odinga, makamu wa kwanza wa rais wa Kenya, aliyefariki tarehe 20 Januari 1994. Kaburi lake limejengewa jengo la fahari, na vyombo vyake na picha zake zimehifadhiwa katika makumbusho yaliyo ndani ya boma hilo. Niliichagua safari hiyo kwa sababu wengi wa wanafunzi wangu wana asili ya pande zile. Nilidhani nitawapa kitu chao.

Wanafunzi sita hawakupata nauli. Jioni ya kuondoka walikuja hata hivyo, wakasimama langoni mwa shule wakitazama mizigo ikipakiwa. Niliwaambia kuwa watasimuliwa yote tukirudi. Mmoja wao, nilikuja kujua baadaye, alikuwa na babu aliyezikwa maili chache tu kutoka katika boma lile tulilokwenda kulitazama, wala hakuwa amepata kulifikia kaburi la babu yake hata mara moja, kwa kukosa nauli hiyohiyo. Nilimwacha langoni nikapanda basi.

Huko tulipanga mstari. Niliwaamuru wanafunzi waweke mikono nyuma, wasiguse kitu, wasiseme. Mtembezaji alisema, nasi tukasikiliza. Hakuna aliyeuliza swali, nami nilijivuna kwa nidhamu hiyo. Tuliporudi niliwapa insha ya kuandika, na msichana mmoja, mwenye Kiswahili kizuri kupita wote, alianza hivi: "Leo nimeiona nyumba. Tulipo sisi si nyumba, ni mahali pa kulala." Nilimpa alama 17 kwa 20. Nilikwisha kulifunga daftari na kulishika la pili ndipo maneno yale yaliponirudia, nikajua kuwa mimi ndiye niliyemfundisha kuyaandika.

Sasa hebu tumtazame mwenye boma lenyewe, tuone kama angeupenda mstari wetu na ukimya wetu.

Oginga Odinga alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mwanasiasa, alifundisha Maseno. Alipotaka watoto wake wabatizwe kwa majina ya Kiafrika, na si ya Kizungu, aliteta na watu wa kanisa, naye mwenyewe aliyaacha majina aliyobatizwa. Mwaka 1947 alianzisha shirika la biashara la Waluo, lililokusanya fedha kidogo kidogo kwa watu wa kawaida, akitaka kuonyesha kuwa Mwafrika aweza kumiliki duka, kiwanda cha kuchapa, na jengo mjini bila kumngoja mtu wa kumpa. Mtu huyo, ungemwambia kuwa mtoto wa Kisumu Ndogo ameliona boma lake na kutoka hapo akiona haya kutaja kwao, angekwambia nini?

Mwezi wa Juni 1958, alipokuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, alisimama akasema kuwa Jomo Kenyatta na wenzake waliofungwa walikuwa bado viongozi mioyoni mwa watu. Wakati ule hilo lilikuwa neno la hatari. Hata baadhi ya Waafrika wenzake barazani walilikimbia. Uhuru ukaja mwaka 1963, na Kenya ilipokuwa jamhuri, Desemba 1964, Odinga akawa makamu wa rais. Mwezi wa Aprili 1966 alijiuzulu, akaongoza chama kipya cha Kenya People's Union, kwa kuwa hakukubaliana na serikali juu ya ardhi na juu ya nani ale matunda ya uhuru. Mwaka 1967 alitoa kitabu chake, ambacho jina lake linasema kuwa uhuru bado. Tarehe 25 Oktoba 1969 Kenyatta alikwenda Kisumu kufungua hospitali, wakatupiana maneno makali mbele ya umati, ghasia zikatokea, walinzi na polisi wakafyatua risasi, watu wakafa. Siku chache baadaye chama chake kilipigwa marufuku na mwenyewe akawekwa kizuizini, asifunguliwe mpaka mwaka 1971. Aliyemweka kizuizini ni yule aliyemtetea mwaka 1958.

Jambo hilo, kijana, ndilo la kusafiria kilomita 400. Rafiki wawili walipataje kufika hapo? Nani alipata ardhi, na nani aliikosa? Watu wa Kisumu Ndogo waliikosa. Hata leo hawana hati ya kipande wanachokikalia, na kodi yao ya kila mwezi huchukuliwa na wenye nyumba ambao wengi wao hawakai Kibera. Ugomvi wa 1966 haukuzikwa katika jengo la fahari. Umo ndani ya chumba chako, unalipiwa kila tarehe tano ya mwezi.

Wala si mambo ya kumsifu tu ninayotaka uyaulize. Mwaka 1993 Jaramogi alikiri hadharani kuwa alipokea shilingi milioni mbili kutoka kwa mfanyabiashara aliyekuwa kiini cha kashfa ya Goldenberg, kashfa iliyoifilisi hazina ya nchi, hali yeye wakati huo ndiye mkuu wa upinzani bungeni. Tena, boma lile lilikuwa la mtu mwenye wake wanne, nalo halikukaukiwa wageni wala mikutano. Ni nani aliyewapikia? Kuni zilitoka wapi? Mumewe akiwa kizuizini, mwanamke aliyebaki alilala vipi usiku? Mambo haya hayaandikwi kwenye kibao chini ya picha. Ukiweka mikono nyuma na kunyamaza hutayajua, na mwalimu wako akikukataza kuuliza amekuibia nauli yako.

Nasikia majibu ya wenzangu. Wa kwanza husema: "Basi tuziache safari hizi, fedha zitumike kununua vitabu." Jibu hilo lina sura ya busara, nami nilikaribia kulishika baada ya aibu yangu. Lakini wenye magari yao huenda watakapo, na watoto wao hukua wakijua kuwa nchi ni yao yote. Tukizifuta safari za shule tutakuwa tumewafungia njia wale tu wasio na njia nyingine.

Wa pili jibu lake lina uzito zaidi. Husema kuwa boma la Nyamira sasa si makumbusho tu, ni mahali pa msiba. Raila Odinga, mwana wa Jaramogi, alifariki tarehe 15 Oktoba 2025, akazikwa katika boma hilo tarehe 19. Alikuwa mbunge wa Lang'ata tangu 1992 hadi 2013, wakati Kibera nzima ilipokuwa ndani ya jimbo hilo, na moja ya vijiji vya Kibera huitwa kwa jina lake. Siku zile za Oktoba nilifundisha darasa lililolia. Vijana waliokwenda kuliona kaburi lake hawakwenda kusoma historia, walikwenda kuomboleza. Na mwalimu gani mwenye moyo atamwambia mwombolezaji aulize maswali ya fedha na ya ardhi?

Nakubali kuwa msiba una adabu yake. Aliaye na alie. Lakini msiba una siku zake, na shule ina kazi yake. Tukimfanya kila kiongozi aliyekufa kuwa mtakatifu, basi kila kiongozi aliye hai atajua kuwa hana haja ya kutuogopa. Atangoje tu kufa. Na jambo jingine: siku ile ya kulia, darasa langu lilijua sana habari za boma la Nyamira, lakini nilipowauliza ni nani alizikwa kwa mchango wa mtaa wao mwaka huohuo, kila mmoja alitaja mtu, na hakuna aliyeona kuwa hayo ni historia.

Nakuja sasa kwenye neno linaloniuma zaidi. Tarehe 23 Julai 2018, asubuhi, matingatinga yaliingia Kibera kusafisha njia ya barabara ya kuunganisha Barabara ya Ngong na ile ya Lang'ata. Maelfu ya watu walipoteza makao, na shule kadhaa zilibomolewa pamoja na nyumba. Barabara ilihitajika, sikatai, magari yanapita. Lakini fikiri: nchi moja, serikali moja, hulinda nyumba ya mtu mmoja hata kikombe chake kisivunjike, na kwa asubuhi moja huzifuta nyumba za maelfu. Mtoto aliyezaliwa katika chumba kilichokuwa pale penye lami hana ukuta wa kumwonyesha mwanawe. Hata Wanubi, ambao babu zao walikuwa askari wa Mwingereza, ambao ndio waliopaita mahali hapa Kibra, yaani msitu, na ambao eneo lao lilitangazwa kuwa la askari mwaka 1918 likiwa zaidi ya ekari 4,000, walingoja mpaka mwaka 2017 kupewa hati ya ekari 288.

Wahenga walisema, mkataa kwao ni mtumwa. Methali hiyo hutumiwa sana kuwahimiza vijana wa Nairobi waende mashambani kwa babu zao. Mimi naigeuza. Kwenu ni wapi, wewe uliyezaliwa Kisumu Ndogo? Ni Bondo peke yake? Kama kwenu ni pia kile chumba cha futi 10 kwa 10, basi anayeandika "Lang'ata" katika barua yake ndiye amkataaye kwao, na sisi walimu tulimshika mkono alipoandika.

Yako majumba ya wakuu yasiyomtia mtoto haya. Mwalimu Julius Nyerere alipoacha kazi ya ualimu Pugu mwaka 1955 ili afanye kazi ya siasa, alikaa Magomeni, Dar es Salaam, na nyumba yake ya huko imehifadhiwa. Ni nyumba ya mtaani, yenye majirani pande zote, ya namna ambayo mfanyakazi yeyote wa Magomeni angeweza kuitambua. Na hapa kwetu Nairobi kuna ukumbi wa Kaloleni, katika mtaa wa wafanyakazi, ambao wapigania uhuru walikutana ndani yake kabla nchi haijapata bunge lake. Ni mambo yaliyotendeka jijini, kati ya watu wa kupanga. Kutoka Kisumu Ndogo mpaka Kaloleni mtu aweza kwenda kwa miguu asubuhi na kurudi kabla ya giza. Katika miaka yote niliyofundisha sijapata kusikia mwalimu akiandika kuwa safari ya Kaloleni ilifana.

Mwaka huu nimebadili mambo kidogo. Tutakwenda Nyamira tena. Wanafunzi wenyewe wamelitaka, nami nataka kulilipa deni langu. Lakini hapandi basi mtu asiyeandika kwanza habari za chumba chake: nani alikijenga, kwa udongo wa wapi, nani alikaa kabla yao, kodi ilikuwa kiasi gani mwanzo na ni kiasi gani sasa, na humfikia nani. Walinung'unika sana. Walisema hakuna cha kuandika. Kisha wakaanza kuwauliza wazee. Mvulana mmoja alibandua magazeti yaliyobandikwa ukutani mwao kuzuia upepo, tabaka juu ya tabaka, na tabaka la chini kabisa lilikuwa la mwaka 1997. Sasa anajua jambo ambalo hata mama yake hakulijua, kwamba ukuta ule ni mkubwa kuliko yeye. Mwingine alirudi na majina ya wapangaji watano waliotangulia, na wawili kati yao wamekufa. Msichana mmoja alifukuzwa na mwenye nyumba kwa kuuliza habari za kodi, na hilo pia ameliandika.

Madaftari hayo nayaweka katika sanduku la bati ofisini mwetu, chini ya meza yangu. Si makumbusho. Mvua kubwa ikinyesha hulipandisha juu ya kiti.

Na kuhusu nauli, tumekata shauri darasani kwa kupiga kura, 38 kwa 3: ama tuende wote, ama asiende mtu. Tumeuza maandazi wakati wa mapumziko tangu Januari, na wazazi wawili wenye vibanda wametuongezea. Mpaka jana tulikuwa tumebakiwa na nauli za wanafunzi wanne. Zisipotimia ifikapo Ijumaa nitamrudishia mwenye basi neno lake, na Jumamosi saa moja asubuhi tutakutana sote kwenye reli tuende Kaloleni kwa miguu.